Kundi Moja, Kalenda Nyingi: Kuwasoma Ndege wa Pwani Mwezi wa Agosti

Mwishoni mwa Agosti, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yanapoanza kuingia tena katika hori ya Mida, karibu na Watamu, ndege waliokuwa wametawanyika juu ya tope tangu asubuhi huanza kusogea. Maji huwaondoa kwanza kwenye mifereji ya chini, kisha kwenye tope laini, hadi wanapojikusanya mamia kwa mamia juu ya fungu dogo la mchanga lililobaki kavu mbele ya mikoko. Kwa mtu anayesimama pale kwa mara ya kwanza, hilo ni kundi moja la ndege wa kijivu, na swali linalomjia ni jina lao. Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalofungua mambo mengi zaidi: kila mmoja kati ya ndege hawa ametoka wapi, na kwa nini yupo hapa wiki hii? Anayelifuata swali hilo hugundua kwamba baadhi yao walikuwa Siberia wiki chache tu zilizopita, wengine wametoka kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, na wengine hawakuondoka hapa mwaka mzima. Akipanda gari hadi mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, atawakuta pia waliotoka Madagaska, ambao wao wanakaribia kurudi kwao.

Ugumu wa kuwaelewa unaanzia kwenye maneno. Vitabu vingi vya kuwatambua ndege wahamaji viliandikwa kwa kufuata majira ya Ulaya, na vinapotaja mwisho wa majira ya joto vinamaanisha Agosti na Septemba. Kwetu pwani miezi hiyo ni ya kusi linaloelekea kutulia na kipupwe kinachokwisha, na neno letu kiangazi, lenye maana ya jua kali na ukavu, ni la miezi ya kaskazi. Kwa hiyo msomaji anayetafsiri neno kwa neno hujikuta akiwatarajia ndege wahamaji miezi ambayo siyo. Mgeni wa pwani mwenye darubini mkononi mara nyingi husubiri hadi Desemba, wakati wa likizo, na kwa kufanya hivyo hukosa kipindi ambacho mimi nakiona kuwa chenye mafunzo mengi kuliko vyote, yaani wiki kumi hivi zinazoanzia mwisho wa Julai, wakati ndege wanaingia kwa zamu na kila zamu inaweza kutofautishwa na nyingine kwa macho.

Lipo pia lile elezo ambalo wengi wetu tulipewa shuleni, kwamba ndege hawa huja Afrika kwa kuikimbia baridi. Elezo hilo lina ukweli nusu. Baridi ya Aktiki ingewaua kama wangeibaki, kwa kuwa ardhi hugeuka barafu na wadudu hupotea. Lakini wanaotangulia kuondoka hawaoni baridi yoyote wakati wa safari. Huondoka mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wakati ambapo katika tundra ya Siberia, nyika ya kaskazini kabisa isiyo na miti, jua halizami kabisa na mbu wamejaa hewani. Wanaondoka kukiwa na chakula tele, kwa sababu kazi yao imekwisha.

Mfano ulio wazi ni wa kitwitwi ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea, ambaye hapa nitamwita kitwitwi mwekundu kutokana na rangi anayoivaa wakati wa kuzaa. Ni ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini kwenye ncha. Huzaa katika tundra ya kaskazini mwa Siberia, ikiwemo rasi ya Taymyr, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Dume haatamii mayai wala halei makinda. Akishapandana na jike hana jambo jingine la kufanya kule, naye huanza safari ya kusini wakati jike bado amelalia mayai yake manne. Jike huatamia kwa wiki tatu hivi, huwalinda makinda wanaojitafutia chakula wenyewe tangu siku ya kwanza, kisha naye huondoka. Makinda hubaki peke yao wakinenepa, na wao ndio wa mwisho kuruka.

Ndiyo maana kitwitwi mwekundu hatufikii kwa wimbi moja. Wakubwa huanza kuonekana pwani ya Kenya na Tanzania kuanzia mwisho wa Julai na mwezi wa Agosti, na vijana waliozaliwa mwaka huohuo huanza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Vijana hao hufanya safari ambayo hawajawahi kuifanya, bila mzazi wa kuwaongoza, wakifuata mwelekeo waliozaliwa nao. Jambo hili huwa gumu kuaminika, nami sioni aibu kusema kwamba kila nikilifikiria hunishangaza upya. Ushahidi wa uwezo wa vijana wa jamii hizi ulipatikana upande mwingine wa dunia mwaka 2022, pale ndege mchanga wa aina ya Limosa lapponica, ndege wa matope mkubwa kuliko kitwitwi, mwenye umri wa miezi mitano hivi na aliyefungwa kifaa kinachowasiliana na satelaiti, aliporuka kutoka Alaska hadi Tasmania, umbali wa takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Ndege wa aina hiyohiyo hufika pia kwenye matope yetu, ingawa kwa njia nyingine na kwa idadi ndogo.

Zamu hizi mbili, ya wazazi na ya vijana, zinaweza kusomwa kwenye manyoya, na hapa ndipo mtazamaji wa Agosti anapopata faida kuliko yule wa Desemba. Kufikia Desemba karibu wote wamekwisha kuvaa mavazi ya kijivu mgongoni na meupe tumboni, na kuwatofautisha ni kazi ya wazoefu. Mwezi wa Agosti wazazi huwa bado hawajamaliza kuvua manyoya yao ya kuzaa. Kitwitwi mwekundu aliyefika karibuni hubaki na mabaka yenye rangi ya tofali kifuani na tumboni, yakichanganyika na manyoya meupe mapya, mithili ya ukuta ambao rangi yake ya zamani inabanduka. Wiki baada ya wiki wekundu huo hupungua. Kijana wa Oktoba ni tofauti kabisa. Manyoya yake yote yaliota kwa wakati mmoja akiwa kinda, kwa hiyo yana umri mmoja na ni mazima. Kila nyoya la mgongo lina ukingo mweupe, na mgongo mzima huonekana kama magamba ya samaki yaliyopangwa vizuri, ilhali kifua chake kina rangi hafifu inayokaribia ya pichi. Ukimwona ndege mwenye mabaka, huyo ni mzazi. Ukimwona mwenye magamba safi, huyo amezaliwa mwaka huu.

Kanuni hiyo inafaa kwa aina nyingi zaidi ya moja. Yule ndege mnene wa kijivu mwenye macho makubwa na mdomo mfupi, Pluvialis squatarola, hufika Agosti akiwa na mabaka meusi tumboni, mabaki ya tumbo lake jeusi tititi la wakati wa kuzaa. Akiruka, doa jeusi kwenye kwapa humtambulisha katika rangi yoyote atakayokuwa nayo. Wale ndege wadogo wa mchanga wanaokimbia na kusimama ghafla, kisha wakakimbia tena, hufika wakiwa bado na mkanda wa rangi ya machungwa au kahawia nyekundu kifuani. Kwa upande mwingine, sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu hana tofauti kubwa ya rangi kati ya msimu na msimu, na kwake mbinu hii haisaidii sana. Kwa sululu inabidi kutazama uchakavu: ncha za mbawa za mzazi mwezi wa Agosti zimechoka na kufifia, kwa kuwa zimembeba kwenda na kurudi.

Uchakavu huo una umuhimu wake. Ndege mkubwa anayefika hapa huanza mapema kubadilisha manyoya makuu ya mbawa, moja baada ya jingine kwa mpangilio, kazi inayomchukua miezi kadhaa. Katika kipindi hicho huonekana na pengo katika bawa akiruka, na uwezo wake wa kuruka hupungua kiasi. Ndiyo kusema Mida na mahali kama Mida si vituo vya kupumzikia tu, bali ni kama karakana ambamo chombo cha safari hutengenezwa upya. Kabla ya kuondoka tena, mwezi wa Aprili na Mei, kitwitwi mwekundu hunenepa hadi kupita gramu 80, na mafuta hayo yote hutoka kwenye minyoo, konokono na kaa wadogo wa tope letu.

Sasa turudi kwenye lile fungu la mchanga, kwa sababu hatujamaliza kuwahesabu walio juu yake. Mtu anayefika Juni, katikati ya kusi, atawakuta sululu na ndege wengine wa kaskazini pale pale, na kwa kuwa anajua kwamba msimu wa kuzaa uko kileleni huko Siberia, atadhani amekosea kuwatambua au wamewahi kufika. Hajakosea, na wao hawakuwahi. Hao ni ndege wa mwaka mmoja, na kwa aina kubwa hata wa miaka miwili, ambao hawajafikia umri wa kuzaa na kwa hiyo hawana sababu ya kusafiri maelfu ya kilomita kwenda na kurudi. Walifika hapa Oktoba iliyopita wakiwa vijana wenye magamba, na tangu hapo wamebaki. Mwezi wa Agosti wanachanganyika na wazazi wanaofika, lakini wengi wao hawana mabaka ya rangi ya kuzaa, kwa kuwa hawakuivaa kikamilifu. Anayehesabu vichwa bila kuangalia manyoya huwajumlisha wote kama wageni wapya, na hesabu yake ya tarehe za kuwasili huharibika.

Mdomo wa Mto Sabaki una somo lake pia, na mimi humshauri kila anayeweza kufika Malindi mwezi wa Agosti asiukose. Mto huu, ambao juu huitwa Athi na katikati Galana, hushuka na udongo mwingi mwekundu na kuumwaga baharini, ukijenga mafungu ya tope na vidimbwi vinavyobadilika umbo kila mwaka. Hapo, kati ya Aprili na Septemba, hukaa ndege wanaotoka upande wa kusini na mashariki: Glareola ocularis, ndege wa kahawia mwenye tumbo jekundu kwa mbali na mstari mweupe chini ya jicho, ambaye huzaa Madagaska peke yake na kuuvuka mlango wa bahari kuja kwetu baada ya kuzaa. Akitua mchangani hutulia na kufanana na udongo, na maelfu yao wanaweza kukaa mbele yako kabla hujawaona. Wakiruka, hukamata wadudu hewani kwa mbawa ndefu na mkia wenye panda, hata mtu akadhani ni mbayuwayu wakubwa. Kalenda yake ni kinyume cha ile ya kitwitwi mwekundu. Kwake yeye, Agosti ni mwisho wa mapumziko, na msimu wa kuzaa unakaribia. Yupo pia kulasitara mdogo wa Madagaska, Ardeola idae, anayetutembelea kati ya Mei na Oktoba, na ambaye yumo hatarini kutoweka. Huyu hupenda vidimbwi vya maji baridi na kingo za mito, na katika mavazi yake ya kahawia ni rahisi kumchanganya na jamaa yake wa kawaida, mwenye michirizi myembamba zaidi kifuani.

Kwa hiyo kwa wiki chache tu, fungu moja la tope hubeba ndege ambao nyumba zao ni Aktiki na ndege ambao nyumba yao ni Madagaska, wa kwanza wakiingia na wa pili wakijiandaa kutoka. Sifahamu mahali pengine pwani yetu ambapo makutano hayo huonekana kwa uwazi namna hiyo.

Wa mwisho katika wageni, na kwa watu wengi ndiye sababu ya kwenda Mida, ni Dromas ardeola, mla kaa. Hakuna anayemkosea: mwili mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu yenye kuelekea samawati, na mdomo mweusi mnene kama kisu kizito, ambao kwa kawaida ndege wa matope hawana. Anazaa kwenye mwambao na visiwa vya Ghuba, Bahari ya Shamu, Omani na pembe ya Afrika, kati ya Aprili na Agosti, wakati joto huko ni la kuunguza. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake, na joto la ardhi husaidia kulitunza yai. Kati ya ndege wote wa kundi la matope, hakuna mwingine mwenye desturi hiyo. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na baadhi yao hutumia miezi isiyo ya kuzaa katika matope ya Barr al Hikman huko Omani, wengine wakishuka hadi Mida, delta ya Rufiji, na Madagaska.

Mla kaa huvunja kanuni niliyoieleza hapo juu, na ndiyo maana nimemweka mwisho. Mtoto wake haachwi. Husafiri na wazazi, na mwezi wa Septemba na Oktoba, hata baada ya hapo, unaweza kumwona kijana mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi akimfuata mzazi kwenye tope, akiinama na kulia bila kukoma hadi apewe kaa. Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani watalifurahia. Majahazi ya Maskati na Ghuba yalisubiri kaskazi ivume ndipo yashuke kuja Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi. Ndege huyu hutoka maji yaleyale na kuja mwambao huuhuu, lakini huanza kushuka Agosti, kusi likiwa bado linamvumia usoni. Upepo kwake si amri kama ulivyokuwa kwa nahodha.

Kati ya wageni hawa wote wamo wenyeji, ambao huwavuruga sana wanaoanza. Yangeyange, mdiria, membe wa aina kadhaa, na yule ndege mdogo wa mchanga mwenye paji jeupe anayezaa palepale ufukweni, wapo mwaka mzima. Ushauri wangu ni kuwajua hao kwanza, mwezi wa Mei au Juni, kabla wageni hawajajaa. Jicho lililozoea wenyeji humwona mgeni mara moja.

Kuhusu namna ya kutazama, kitu kinachoamua zaidi ya ubora wa darubini ni maji. Katika pwani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mtu anayefika saa nne asubuhi siku ya bamvua atakuta tope limeenea hadi upeo wa macho, na ndege wamekuwa vidoadoa vya mbali. Akifika saa nane mchana na kukaa kimya, maji yenyewe yatamletea ndege hadi karibu. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hayapandi sana, sehemu kubwa ya tope hubaki wazi, na ndege hawalazimiki kujikusanya. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu achague bamvua, naye anayetaka kumtazama ndege mmoja mmoja akila anaweza kuridhika na maji mafu. Ndani ya hori kama Mida maji huchelewa kidogo kuliko bahari ya wazi, kwa sababu yote hupita kwenye mlango mwembamba, na wavuvi wa hapo wanajua muda wake kuliko jedwali lolote. Kuwauliza ni adabu na pia ni elimu. Mida ina daraja la mbao lililojengwa kupita kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na ada inayolipwa hapo husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mradi ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya.

Darubini yenye namba 8x42 inatosha kwa kuanzia. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na ukuzaji mkubwa zaidi ya 10 hufanya mkono utetemeshe picha. Jua liwe mgongoni; ndege wa matope akitazamwa dhidi ya mng'ao wa maji huwa kivuli tu, na manyoya ambayo nimetumia aya nyingi kuyaeleza hayaonekani.

Asiye na pwani hajakosa. Vitwitwi wa maji baridi hufika bara mwezi huohuo wa Agosti, na wa kwanza kuonekana mara nyingi ni yule anayetikisa sehemu ya nyuma ya mwili juu na chini bila kupumzika, Actitis hypoleucos, ambaye hutosheka na jiwe moja kando ya mto, bwawa la bustani ya jiji, au mfereji. Nairobi, mabwawa ya kusafishia majitaka ya Dandora, upande wa Ruai, ni miongoni mwa mahali pazuri kabisa pa kuwaona ndege hawa, harufu isiwazuie watu. Mabwawa ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nayo hupokea wachache. Jijini humohumo kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanza mwaka 1971 na ambayo sasa yako chini ya Nature Kenya, ambako mgeni hupokelewa na kufundishwa. Dar es Salaam, tope la mdomo wa Mto Msimbazi karibu na Daraja la Salenda, na mashamba ya chumvi ya Kunduchi, yote hupokea wahamaji ndani ya kelele za jiji. Uganda ina Ghuba ya Lutembe kwenye Ziwa Viktoria, kati ya Kampala na Entebbe, eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2006, ambalo baadaye katika msimu hujaa membe wa mbawa nyeupe wasiohesabika kwa urahisi.

Inabaki kueleza kwa nini mtu ajisumbue kutenganisha mzazi na kijana, wakati hesabu kubwa ya ndege wa majini barani Afrika hufanywa Januari na hujali zaidi idadi ya kila aina. Jibu linapatikana kwa panya wa tundra waitwao lemingi. Idadi ya lemingi hupanda na kushuka, mara nyingi kwa mzunguko wa miaka mitatu hivi. Mwaka wanapokuwa wengi, mbweha weupe wa Aktiki hushiba lemingi na huyaacha mayai na makinda ya ndege; mwaka wanapopungua ghafla, mbweha waliokwisha kuongezeka hugeukia viota. Matokeo yake husomeka Afrika miezi michache baadaye: baada ya mwaka mzuri, vijana wenye mgongo wa magamba ni wengi kati ya vitwitwi wekundu wanaofika, na baada ya mwaka mbaya wanaweza kukosekana karibu kabisa. Uhusiano huu ulionekana hata katika hori za Afrika Kusini, mwisho kabisa wa njia yao. Mtu aliyeketi chini ya mkoko wa Mida mwezi wa Oktoba, akihesabu ndege mia moja na kuandika wangapi kati yao ni vijana, anapima kitu kilichotokea Siberia mwezi wa Julai, mahali ambapo watafiti hufika kwa shida.

Vipimo hivyo sasa vina uzito zaidi. Mwezi wa Oktoba 2024, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimpandisha kitwitwi mwekundu hadi daraja liitwalo kwa Kiingereza Vulnerable, na Pluvialis squatarola, ambaye zamani hakuwa na wasiwasi wowote katika orodha hiyo, naye aliwekwa katika daraja hilohilo. Idadi inaposhuka, jambo la kwanza kujua ni kama ndege hawazai vya kutosha au kama wakubwa wanakufa, kwa sababu dawa ya tatizo moja haiponyi jingine. Hesabu ya jumla peke yake haiwezi kutenganisha hayo mawili. Uwiano wa vijana na wakubwa unaweza kusaidia kuyatenganisha, na unapatikana tu kwa watu wanaotazama manyoya katika wiki ambazo zamu zote mbili zipo.

Kwa sababu hiyo pia naomba kwa dhati jambo moja kwa watu wa ufukweni, wakiwemo wapiga picha. Fungu la mchanga ambalo ndege hukusanyikia maji yakijaa ndilo mahali pekee pa kupumzikia kwa saa tatu au nne. Mtu akilikaribia au mbwa akikimbia juu yake, kundi zima huruka, huzunguka, na hutumia mafuta ambayo wengine hawana ya kutosha, hasa waliofika jana. Umbali wa mita mia moja, bila kuusogeza kwa ajili ya picha, huwaacha wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja na mdomo chini ya bawa.

Anayeanza mwaka huu na achague bamvua moja mwishoni mwa Agosti na nyingine mwishoni mwa Oktoba, asimame mahali palepale saa zilezile, na aandike si majina tu bali pia mabaka na magamba. Kwenye daftari la Agosti atakuwa na wazazi wenye vipande vya wekundu, sululu waliochakaa, na kule Sabaki maelfu ya ndege wa Madagaska. Kwenye daftari la Oktoba Wamadagaska watakuwa wameondoka, wazazi watakuwa wa kijivu, na katikati ya kundi watakuwa wamesimama vitwitwi wenye migongo ya magamba, wenye umri wa miezi mitatu hivi, ambao hawakuonyeshwa njia na mtu yeyote.